Mkutano Mkubwa wa Watu Mia Tano

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Siku kubwa! Barua imefika kutoka Same. Bwana Amiri, karani anayetengeneza gazeti la wilaya, anataka mwandishi mmoja kutoka kila shule ya kati. Mwanafunzi ambaye habari yake itachapishwa mwezi huu ndiye atakayekuwa mwandishi wa gazeti, na likizo ya Desemba atakwenda Same kufundishwa kupiga taipu. Taipu! Mwalimu Mkuu Yusto alipomaliza kusoma nilitaka kulia. Nikajizuia. Sisi waandishi hatulii ovyo.

Wenzangu hawajui linalonisubiri. Baba ameshaahidi kwamba nikimaliza darasa la nane nishuke Kihurio kwa baba mdogo, nikafukuze ndege kwenye mpunga. Alfajiri mpaka magharibi, kombeo mkononi, napiga kelele peke yangu. Mimi Sefania, mwenye mwandiko huu!

Mwalimu Yusto atachagua habari moja tu, Jumatatu ijayo, kabla lori la kahawa halijateremka. Kila mtu alete moja. Sharti: iwe habari ambayo yeye Mwalimu hajaisikia kwa Mzee Tumainieli, mpiga pembe wa kijiji. Wanaotaka wanyoshe mkono. Nilinyosha yote miwili. Eliwaza naye akanyosha. Eliwaza! Insha zake huwa mistari minne, na mitatu ni hesabu. Wengine hawakuthubutu. Nilimhurumia.

Jumanne, 7 Septemba

Habari ya kwanza! Ng'ombe wa Mama Rogathe kazaa mapacha. Nimekimbia. Nimemhoji Mama Rogathe, nimemtazama ng'ombe. Kurasa tatu. Nimemtaja Malkia mara mbili ili habari iwe na heshima.

Jioni, kazi yote bure. Mzee Tumainieli kapanda kwenye jiwe lake juu ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, akapuliza pembe na kutangaza kama kila siku: kesho zamu ya maji ni ya nani, mbuzi wa nani kapotea, na ng'ombe wa Mama Rogathe kazaa mapacha, mmoja ana baka jeupe. Baka sikuliona! Hata ng'ambo ya bonde wamesikia. Mzee hajui kusoma, hana kalamu, na kazi hii hakuiomba. Nchi hii haitaendelea.

Jumatano, 8 Septemba

Nimetumia akili. Nimemwendea Mzee na ugoro wa bibi. Shikamoo mara tatu. Nikamwomba habari awe ananipa mimi kwanza, yeye atangaze siku ya pili yake. Akanusa, akapiga chafya, akasema mimi mjukuu wake nina adabu. Tukaelewana kabisa.

Jioni akatangaza. Zamu ya maji. Jembe lililookotwa. Halafu: Sefania wa Ebenezer ana ugoro mzuri sana, haijulikani kautoa wapi, bibi yake aangalie kopo lake.

Alhamisi, 9 Septemba

Naandika nimesimama. Baba ana mkono mzito.

Ijumaa, 10 Septemba

Bahati imegeuka! Mzee anaumwa jino. Kesho alfajiri anateremka Same kung'olewa, arudi jioni. Pembe inabaki kwa mkewe, Bibi Koleta. Nimejitolea kuipaka mafuta. Bibi Koleta akasema kumbe vijana wazuri bado wapo.

Mpango ni huu. Kama habari zote za kijiji anazo Mzee, basi mimi nitatengeneza moja ambayo hana. Kesho napuliza, watu wanakusanyika, nawahutubia juu ya faida za magazeti. Mkutano! Gazeti la wilaya hupenda mikutano kupita kiasi.

Na kwa kuwa kesho nitakuwa na shughuli ya kuhutubia, habari nimeiandika leo. Imetoka vizuri mno. Nimeitia kwenye bahasha, nikabandika, nikamkabidhi Mwalimu saa tisa mchana. Akashangaa na kuandika tarehe juu yake. Eliwaza hana hata mstari mmoja.

Jumamosi, 11 Septemba

Pembe ya jioni ni habari. Pembe ya asubuhi ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe kwa kazi ya kijiji, na isiyotoa itozwe faini. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Na mimi nalijua! Ila nilikuwa nafikiria kumaliza kabla Mzee hajarudi, nikapuliza saa mbili asubuhi.

Wakaja. Kila njia watu, majembe mabegani, akina mama na vikapu vya kuchukulia udongo. Nikapanda juu ya jiwe nikaanza kwamba gazeti ni taa ya nchi. Mzee Kajiru, msimamizi wa maji, akaniuliza kazi yenyewe ni ipi. Nikasema kazi ni kusikiliza. Akasema jembe lililoitwa kwa pembe halirudi nyumbani safi, na aliyeita ndiye anayeonyesha kazi, na ndiye anayeianza. Macho yote kwangu. Nikanyosha kidole popote. Kidole kikaangukia ndiva.

Ndiva! Tope la miaka miwili! Watu wakashangilia. Wakasema kijana kaona mbali, maana wazee wamekuwa wakisukumiana kazi hiyo tangu mwaka 1952. Nikaingia wa kwanza, tope kiunoni. Kumbe mwita kazi hutoka wa mwisho pia. Nimetoka saa kumi na moja na nusu jioni, sijala. Eliwaza alikuja na jembe la kwao. Alipumzika mara moja tu, akasimama ukingoni akituangalia mmoja mmoja huku midomo inacheza. Nilidhani anatuombea.

Baya zaidi: nyumba moja haikutoa mtu. Yetu. Mimi sikuhesabiwa, mwita kazi hahesabiwi. Baba alipoisikia pembe alisema aliyeipuliza ni mpumbavu, akageukia ukutani akaendelea kulala. Faini ni beberu. Amemtoa bila hata kunigusa, na hapo ndipo ninapoogopa.

Mzee Tumainieli karudi, shavu limevimba kama boga. Hawezi kupuliza wala kutangaza. Ukimya mtupu, ule ule nilioutafuta wiki nzima!

Jumapili, 12 Septemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Bahasha! Baada ya ibada nilimwomba Mwalimu anirudishie, nirekebishe nukta moja tu. Akasema iko kabatini, na habari iliyopokelewa haitolewi. Nikasema basi niongeze nyingine. Akanikumbusha kuwa kila mtu ni moja.

Jumatatu, 13 Septemba

Amezisoma zote mbili mbele ya darasa. Yangu kwanza. “Mkutano mkubwa wa watu mia tano ulifanyika Jumamosi. Wananchi, waliovaa nguo safi, walikaa kwa utulivu wakimsikiliza msemaji hodari, Bwana Sefania, kisha wakapiga makofi kwa nusu saa. Mzee mmoja alilia. Malkia angefurahi.”

Darasa zima lina tope kwenye kucha. Vicheko vilisikika mpaka jikoni kwa mpishi. Mwalimu hakucheka. Aliigeuza bahasha, akaitazama tarehe ya Ijumaa aliyoiandika kwa mkono wake, akaniuliza kwa upole kama mimi ni nabii.

Ya Eliwaza: “Jumamosi tarehe 11 watu 184 walizoa tope la ndiva. Kina cha tope: futi nne. Kazi iliitwa na Sefania, darasa la nane. Nyumba moja haikuja. Faini, beberu mmoja.” Basi! Hakuna kupamba, hakuna Malkia. Na kwa kuwa Mzee hajaitangaza, sharti limetimia. Imeteremka na lori la saa sita.

Jumatano, 22 Septemba

Gazeti limefika. Habari ya Eliwaza iko ukurasa wa kwanza, chini ya safari ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya, kukagua matuta. Desemba anakwenda Same. Watamfundisha taipu. Nimeumia, sifichi. Nimekwenda nyuma ya jiko nikalia mpaka bibi akaniletea ugoro wake mwenyewe.

Ila nilipolisoma tena nikaona kitu. Jina langu limechapishwa! La Eliwaza liko mwishoni, dogo, ndani ya mabano. Langu liko katikati ya habari. Nimewaonyesha watu kumi na saba.

Jumamosi, 25 Septemba

Barua ya baba mdogo kutoka Kihurio. Kasoma gazeti. Anasema hakujua kama mtoto wa kaka yake ana kipaji namna hii. Kazi ya ndege amempa mtu mwingine. Mimi nishuke siku ile ile nitakayomaliza mtihani, kwa sababu mfereji wao umejaa tope maili nzima, na wanakijiji wote wamekubaliana kwamba nitaingia wa kwanza. Baba kaisoma mara mbili na kucheka. Hajacheka tangu atoe beberu.

Jumapili, 26 Septemba

Nimetafakari sana wakati wa mahubiri na nimegundua kosa langu. Kosa lilikuwa kupitia kwa Mwalimu. Mwandishi wa kweli humwandikia karani moja kwa moja.

Kwa hiyo leo nimemwandikia Bwana Amiri. Nimemsahihisha, kwa heshima zote, kwamba watu wa ndiva hawakuwa 184, walikuwa mia tano. Nimemjulisha pia kwamba Kihurio hakuna mwandishi na kwamba nafasi hiyo nimeipokea. Asiwe na wasiwasi wa kungoja mpaka Desemba. Nimemwekea kabisa habari yangu ya kwanza kutoka Kihurio, mahali ambapo sijafika bado: mfereji wote umezibuliwa kwa siku moja na watu elfu moja, na mpunga umestawi ajabu.