Rundo la Mboji la Kunipeleka Kisumu

Jumatatu, 6 Juni 2022

Leo nimeamua kwenda Kisumu. Bado hakuna aliyenialika, lakini hilo ni suala la siku nne tu.

Habari nimeipata kwa Mwalimu Laurencia, mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya mtaa wetu hapa Karatu. Ijumaa tunapokea wageni kutoka Moshi, Iringa na Kisumu. Miji hiyo imekubaliana kufundishana. Kila mmoja unaonyesha ulivyojiinua baada ya korona bila kuharibu ardhi wala maji, na wenzake wanalibeba wazo kwao. Karatu itatoa wazo moja. Mwenye wazo hilo atakwenda Kisumu mwezi wa nane kulieleza mbele ya miji yote. Atalala hotelini. Atavaa kitambulisho shingoni.

Mimi kitambulisho cha shingoni nakijua. Nimekivaa miaka kumi na minne, nikishuka na kupanda kreta ya Ngorongoro na watalii. Machi 2020 nikampeleka Mjerumani wa mwisho uwanja wa ndege. Kampuni ikafungwa, magari yakauzwa. Sasa watalii wamerudi, ila wamerudi na madereva vijana wanaojua majina ya ndege kwa Kilatini. Tangu hapo mimi ni mshauri. Mke wangu, Benedicta, anasema mshauri ni mtu anayeulizwa.

Mwalimu anasema jina lililotajwa mpaka sasa ni moja tu, la Filbert.

Filbert ni jirani yangu. Tumetenganishwa na uzio wa michongoma. Alikuwa mpishi wa loji, naye akaachishwa kazi mwezi ule ule na mimi. Akaanza kuokota maganda. Anazunguka na guta lake, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, kwenye loji, anakusanya mabaki ya jikoni, anayarundika pamoja na samadi na majani makavu hadi yawe mboji. Mboji inakwenda kwa wakulima wa kijiji cha Qurus. Mboga zao zinapelekwa loji. Maganda yanarudi kwa Filbert. Miaka miwili nimemtazama juu ya uzio nikiamini kichwa chake hakiko sawa. Kumbe hilo ndilo wazo.

Jumanne, 7 Juni

Nimekwenda kumsalimia Filbert. Nimemsalimia saa mbili nzima.

Amenieleza kila kitu bila kuombwa. Tabaka la maganda, tabaka la samadi, tabaka la majani. Unageuza, unanyunyizia maji, unageuza tena. Jambo kubwa ni joto. Rundo zuri huwa na moto wake ndani, na Ijumaa atawaomba wageni waingize mkono wajionee. Likiwa baridi, anasema, hizo ni takataka tu.

Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, linachukua siku ngapi mpaka mboji iwe tayari. Akasema miezi miwili, akiharakisha sana wiki sita. Nikauliza kama kuna njia ya mkato. Akacheka. Nilipoaga akanipa gunia la mboji iliyokwisha kuiva, ya bustani ya Benedicta. Mtu anayetoa siri yake na zawadi juu si wa kupelekwa Kisumu. Watamdhulumu.

Kutoka hapo nikapitia kwa Mwalimu Laurencia. Nikamwambia kwamba kwenye uchochoro wetu watengeneza mboji ni wawili. Akaniangalia juu ya miwani, akauliza mimi nimeanza lini. Nikasema tangu korona, kimya kimya. Akaandika jina langu. Amesema wageni wataanzia kwangu, kwa kuwa nyumba yangu ndiyo iliyo karibu na barabara.

Jumatano, 8 Juni

Siku ya kukusanya malighafi.

Nilianzia jikoni kwenye loji moja ya njia ya geti la Ngorongoro. Mpishi wake, Lazaro, akasema maganda yale yana mwenyewe. Nikasema mimi na mwenyewe ni kitu kimoja. Lazaro akampigia Filbert simu mbele yangu. Nilikuwa naangalia mlango. Filbert akasema nipewe pipa moja. Nikachukua mawili.

Samadi ameniletea Sairowua, mfugaji wa upande wa Ngorongoro, kwa pikapu ya shemeji yake. Kabla hajashusha akaichoma kwa fimbo, akanionya kwamba imetoka kwenye boma lililohamwa zamani, imelala miaka miwili, haina joto tena. Alidhani naitaka ya shambani. Nikamwambia mimi nataka mwonekano tu. Akauliza ni nani anayekula mwonekano. Watu wa maboma hawaelewi mambo ya miji.

Nimelijenga rundo kando ya banda la mabua, kwa sababu hapo linaonekana vizuri kutoka barabarani. Benedicta akaja kusimama. Banda hilo limejaa mabua ya mahindi na maganda ya maharage aliyoyaleta kwa lori kutoka Mbulumbulu. Ndicho chakula cha ng'ombe wetu mpaka mvua za Novemba. Akasema, "Baba Martini, hilo lisogeze." Nikamjibu linakaa siku mbili tu. Akasema siku mbili zangu anazijua. Martini mwanetu yuko chuoni Arusha, na maziwa ya huyo ng'ombe ndiyo yanayomweka huko. Alinikumbusha na hilo pia.

Sikulisogeza. Lilikuwa limekaa vizuri mno.

Alhamisi, 9 Juni

Rundo ni baridi. Nimeingiza mkono asubuhi, ni kama kuugusa ukungu wa kingo za kreta. Nikaingiza tena saa nne. Baridi ile ile.

Nikamwagia sufuria mbili za maji ya moto. Lilitoa mvuke robo saa, kisha likatoa harufu. Mbwa wanne wamekuja kulitazama.

Mchana nikapata jibu. Nilijaza makaa ya moto kwenye kopo la maziwa, nikalifukia katikati, nikapanga maganda juu. Baada ya nusu saa nikaingiza mkono. Joto zuri, la kistaarabu, linalopanda taratibu mpaka kwenye kiwiko. Nilibaki na mkono ndani muda mrefu. Tangu nirudishe funguo za gari sijapata kitu changu kikafanya kazi sawasawa.

Jioni Filbert alichungulia juu ya michongoma. Akauzunguka uzio, akaweka kiganja juu ya rundo, akasema limewahi sana kupata joto. Akauliza nimeweka nini. Nikasema ni utaalamu wa nyumbani. Akasema angependa kujifunza. Chakula cha usiku nimekiacha nusu. Nadhani ni maharage.

Ijumaa, 10 Juni

Naandika jioni, mkono unanuka moshi.

Wageni walifika saa nne na Mwalimu Laurencia. Walikuwa watatu: mhandisi wa Moshi, mama mmoja wa masoko kutoka Iringa, na bwana wa Kisumu mwenye daftari kubwa. Upepo ulikuwa mkali, ule wa mwezi wa sita unaopeperusha vumbi jekundu mpaka kwenye chai. Nilikuwa nimefukia makopo matatu badala ya moja. Wageni wametoka mbali.

Nikatoa hotuba. Nikaeleza jinsi korona ilivyoniamsha. Bwana wa Kisumu akauliza kwa wiki napata mapipa mangapi ya maganda. Nikasema mengi. Akaandika "mengi". Nikamkaribisha mama wa Iringa aingize mkono. Akavua bangili, akaingiza. Akasema ni moto. Halafu akasema ni moto sana. Halafu akautoa haraka, akauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini mboji hii ina mkaa unaowaka.

Nilikuwa bado natafuta jibu upepo ulipolitoa kabla yangu. Moshi ukatoka ubavuni, kisha ulimi wa moto, na ubavu huo ndio uliotazama banda. Maganda ya maharage yakashika kama karatasi.

Benedicta hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kumfungua ng'ombe. Mimi nilisimama. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilisimama.

Wageni wakaanza kushauriana. Mhandisi wa Moshi akasema maji. Mama wa Iringa akasema kwao soko liliposhika moto kilichosaidia ni udongo. Bwana wa Kisumu akasema achaneni na kinachowaka, vuteni kisichowaka. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, na zote zilikuwa nzuri, na banda lilikuwa linaungua.

Filbert akapita katikati ya michongoma. Hakuizunguka, aliipita, shati likabaki nyuma. Akasema kwa sauti ile ile anayozungumzia maganda: "Yote matatu. Moshi ndoo, Iringa makoleo, Kisumu vuta mabua. Remigius, panda paa la nyumba, limwagie maji."

Nikapanda. Majirani wakatokea na ndoo, na wale wageni katikati yao, viatu vyao vizuri vimejaa tope. Filbert alivuta mabua yaliyokuwa yameshaanza kushika. Ilichukua kama dakika arobaini. Nusu ya chakula cha ng'ombe imeteketea. Nyumba ni nzima, ng'ombe ni mzima. Kiganja cha kulia cha Filbert kimeungua.

Mwalimu Laurencia aliniuliza swali moja kutoka chini: rundo lile lilikuwa la siku ngapi. Nikasema mbili. Akaandika.

Wakaenda kwa Filbert. Ngazi walikuwa wameichukua kubebea mabua, kwa hiyo nilibaki juu ya paa na nikaona ziara yote. Mama wa Iringa alisitasita mbele ya rundo la Filbert, halafu akaingiza mkono wa pili. Akauacha humo. Alikuwa anatabasamu. Bwana wa Kisumu aligeuza ukurasa mara sita.

Jumamosi, 11 Juni

Benedicta anaongea na ng'ombe tu.

Saa sita mchana Filbert akaja, mkono umefungwa bandeji. Nilitoka kumpokea nje, ili nitukanwe mbali na mke wangu. Hakutukana. Alisema amewapigia wakulima wake wa Qurus, na kesho kutwa watatuletea mabua ya kutosha kufikia mwezi wa tisa. Baada ya hapo tutaona. Kisha akasema daktari amemkataza kushika usukani mwezi mzima, na maganda ya loji hayawezi kusubiri, na mimi ni dereva. Benedicta akajibu kutoka ndani kwamba nimekubali.

Tulikaa kwenye benchi. Nikaona nimwambie.

"Filbert, rundo lile nilitia makaa."

"Najua. Niliisikia harufu yake Alhamisi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema alidhani labda najaribu kitu kipya, na yeye alipoanza, mtaa mzima ulimcheka, akaapa hatamcheka mtu anayejaribu. Anajuta kwamba hakuuliza.

Mtu ameungua mkono kwa ajili yangu halafu anajuta yeye. Nikaangalia guta.

Jumanne, 21 Juni

Sasa naendesha guta wiki ya pili. Jikoni kwenye loji zote wamenizoea. Lazaro ananipa chai. Benedicta ameanza kunijibu, ingawa kwa kifupi.

Leo Mwalimu Laurencia amekuja na barua ya wageni. Ameisoma kwa sauti uani kwa Filbert. Wazo la Karatu ni mboji, na Filbert atakwenda Kisumu. Nimempa mkono wa pongezi, ule wa kushoto, kwa kuwa wake wa kulia bado haujapona. Nilimaanisha. Nimeshangaa kwamba nilimaanisha.

Ila barua ina aya ya pili. Nimeiomba nikaisoma mwenyewe mara nne. Wageni wanasema wamejifunza jambo jingine ambalo hawakulitarajia: jinsi mtaa ulivyosimama pamoja siku ile ya moto. Wanasema korona iliwakuta watu wao kila mmoja kajifungia kwake, na miji yao ingependa kujua majirani wanawezaje kuandaliwa kusaidiana kabla janga jingine halijafika. Wanauliza kama Karatu ina mtu wa kuwaeleza.

Kwenye aya ya mboji limeandikwa jina la Filbert. Kwenye aya ya moto hakuna jina.

Nimeitafakari njia nzima ya kurudi na maganda. Majirani walikuja kwa sababu ya moto. Moto ulikuja kwa sababu ya nani? Sisemi kwa kujisifu. Nasema tu ukweli uandikwe.

Tatizo ni Mwalimu Laurencia. Hakubali kitu mpaka akione kwa macho yake, na siku ile hakukuwa na maandalizi. Safari hii mambo yatafanyika kwa utaratibu: ndoo zimepangwa, makoleo yamepangwa, mtaa umearifiwa saa. Piusi, fundi viatu wa kule nyuma ya kanisa, ana kibanda cha zamani cha nyasi asichokitumia. Kesho nikipita na guta nitamwuliza kama anakipenda sana.

Asubuhi upepo huwa mdogo.