Matairi Niliyoyachagua Mimi

Jumatatu, 7 Novemba 1977

Habari kubwa! Kijiji kimepewa trekta. Dogo, lakini trekta. Mwenyekiti wetu, Mzee Fransisko, ametangaza leo mbele ya ofisi huku upepo ukimnyang'anya maneno. Dereva atapatikana kwa mashindano ya kulima, baada ya wiki mbili. Anayetaka aandike jina. Nikaandika la kwanza: Polikarp, mtunza stoo. Stoo yenyewe ina majembe kumi na moja, pampu moja na panya. Nimeitunza miaka minne na hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Jina la pili: Adolfu. Nilijua! Alifanya kazi miaka minane kwenye mashamba ya kahawa kule Mbozi, akiendesha matrekta. Tangu arudi hajisifu hata kidogo. Mtu asiyejisifu ana jambo lake.

Mama yangu, Mama Kristiana, hakushangilia. Aliuliza trekta litalima wapi. Nikasema shamba la kijiji. Akasema vizuri, basi lisikanyage ntumba zake.

Ntumba ni vile vichuguu vyetu sisi Wafipa vya kulimia. Mwezi wa tatu unafukia majani chini ya udongo, yanaoza humo mpaka mvua zirudi, kisha unavitawanya kwa jembe na kumwaga ulezi juu ya udongo mweusi. Mama alizifanya peke yake, na mgongo wake ule. Mimi nilikuwa na kazi za stoo. Nyumba nzima inakula humo: mama, mimi, mke wangu Bertilla na watoto watano. Mgao wa shamba la kijiji mwaka huu uliisha mwezi wa nane. Ntumba zile zisipozaa, hatuna kingine.

Lakini dereva! Nimejiangalia kwenye kioo cha Bertilla. Uso upo.

Alhamisi, 10 Novemba

Sumbawanga, kuchagua vifaa. Mwenyekiti, Adolfu na mimi. Tulipanda lori la Huseni, mfanyabiashara wa mjini, juu ya magunia ya maharage. Baridi ilinipasua midomo. Adolfu alikuwa na koti la Mbozi. Hakuniazima.

Mtunza bohari alisema trekta linakuja na plau lake. Sisi tuchague aina moja ya matairi na vifaa vitatu vya ziada. Akatupa kitabu chenye picha. Nikakishika mimi kwa sababu ndimi nijuaye Kiingereza. (Najua herufi zote.)

Adolfu alikwenda moja kwa moja kwenye matairi yenye kashata nene, meno makubwa ya kutisha. Mimi nikaona mengine: mapana, kashata ndogondogo, mazuri kama mkeka mpya. Na kwenye kitabu yalikuwa kwenye picha, chini ya Mzungu anayecheka, majani ya kijani mpaka mwisho wa macho. Nikamwonyesha Mwenyekiti: je, hapo si Ufipa kabisa? Hakuna mti, ni majani matupu. Mwenyekiti akamuuliza mtunza bohari. Akajibu kwamba hayo, ndiyo, ni matairi ya kwenye majani. Nikamtazama Adolfu. Alikuwa bado anayapapasa yale yenye meno.

Vifaa vitatu. Adolfu akataka vyuma vya uzito vya kufunga mbele. Vyuma tu! Vizito kama dhambi, havina kazi yoyote, vinaning'inia. Nikauliza, ni ng'ombe gani anafungwa mawe shingoni ndipo alime vizuri? Mwenyekiti alicheka sana. Tukachukua paa la turubai, honi ya sauti mbili, na kioo cha pembeni. Kioo ni wazo langu. Dereva lazima aone nani anamfuata.

Njiani Adolfu alisema jambo moja tu: trekta hilo litainua kichwa. Wivu.

Jumapili, 13 Novemba

Trekta lilifika jana. Kijana wa mkoani alitufundisha siku nzima, kisha akaondoka na kuku wawili. Nimejua honi vizuri. Gia bado zinanichanganya.

Leo baada ya ibada upepo umeng'oa paa. Lilipita juu ya kanisa, watu wakatazama juu. Limepatikana ng'ambo ya kijito, limechanika katikati. Mzee Kalisti, katekista, ameuliza ni nani aliyechagua paa kwa nchi yenye upepo kama huu. Nimesema ilikuwa kamati.

Jumatano, 16 Novemba

Mvua ya kwanza usiku kucha. Asubuhi tukapeleka trekta shamba la kijiji kujaribu. Balaa.

Magurudumu yalizunguka palepale kama yako kwenye mlenda. Matope yakamrukia Mwenyekiti hadi kwenye kofia. Nikashusha plau, nikaongeza mafuta, na trekta likainuka. Mbele likainuka! Likasimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayetafuta majani ya juu, na mimi nimekumbatia usukani nikimwita Bikira Maria. Kisha likarudi chini, puu. Nimeuma ulimi.

Adolfu hakucheka. Afadhali angecheka. Alimwambia Mwenyekiti kwa upole kwamba tungeweza kurudi mjini tukabadilisha matairi, na kuomba vile vyuma badala ya kioo. Hapana! Wakibadilisha, kila mtu atajua aliyekosea ni nani. Nikasema mara moja kwamba kubadilisha ni kuwavunja moyo viongozi wa mkoa, na kwamba kijiji cha ujamaa kinajitegemea. Kama ni uzito unaotakiwa, uzito upo humuhumu kijijini. Watu walipiga makofi kwa neno kujitegemea, nami nikajisikia vizuri kidogo, ingawa ulimi ulikuwa unatoka damu.

Ijumaa, 18 Novemba

Uzito wa kijiji: Mwenyekiti mwenyewe. Hakuna mzito zaidi. Nilimweleza kuwa ni heshima, kiongozi kuongoza akiwa mbele kabisa. Akakaa juu ya boneti, miguu huku na huku, fimbo mkononi. Kwa hatua ishirini trekta lilikwenda vizuri, na alikuwa anapunga mkono. Kisha joto la injini likampata. Akajaribu kusimama. Akaanguka upande wa kulia, na nilimwona vizuri sana kwenye kioo.

Jioni, akiwa amelala kifudifudi anakandwa kiuno, Adolfu alimwendea na dawa nyingine: matairi ya nyuma yajazwe maji, ndivyo wafanyavyo Mbozi, na mbele yafungwe mawe kwenye magunia. Maji ndani ya tairi! Nikamwambia Mwenyekiti kwamba mtu huyu anataka kuzamisha mali ya umma. Mwenyekiti akaguna. Nimelichukua kama ndiyo.

Jumamosi, 19 Novemba

Adolfu amekwenda Msanzi kwa shemeji yake, atarudi kesho. Mchana nimejaza matairi maji.

Kazi ngumu. Pampu ya stoo, kijito, ndoo. Nimelowa mpaka tumboni. Mbele nimefunga magunia mawili ya mawe. Nikajaribu: haliinui kichwa tena! Nimemwambia Mwenyekiti kuwa nimegundua njia yangu mwenyewe, ya kitaalamu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini kwenye shamba la kijiji bado linateleza. Ardhi pale ni ngumu chini na utelezi juu, na haya matairi ya mkeka hayashiki. Adolfu anajua kucheza na klachi, atapita. Mimi sitapita. Mashindano ni Jumanne. Nimekaa stoo na majembe, nimesononeka. Nahitaji udongo laini, uliokwisha kulainishwa na mtu mwingine.

Jumapili, 20 Novemba

Udongo laini upo. Niliupita asubuhi nikienda kanisani.

Nikamwomba mama. Nilianza mbali, nikamwamkia shikamoo mara mbili, nikasifu ntumba zake. Nikasema trekta litazitawanya kwa asubuhi moja, mgongo wake upumzike. Mama akasema hapana. Amesema jembe la mkono linautawanya udongo mweusi juu, unapotakiwa. Plau linageuza. Cha juu linakizika, cha chini kilicholala bila kazi tangu Mungu aumbe dunia linakileta juu. Ulezi ni mbegu ndogo kama vumbi, utaota kwenye nini? Akasema ile ni sufuria ya wanangu, nisiichezee.

Mchana zikaja habari za msiba. Dada yake amefariki Milepa. Mama amefunga kanga, amechukua kikapu, ameteremka kule bondeni akilia. Atarudi Alhamisi. Nilimsindikiza hadi njia panda na nililia naye, kweli kabisa.

Kisha nikapita kwa Mwenyekiti nikamwambia kwamba mama ametoa ntumba zake kwa ajili ya mashindano, kwa moyo mmoja, kwa maendeleo ya kijiji.

Jumanne, 22 Novemba

Nimeshinda!

Watu wote walikuwepo. Adolfu aliitwa kwanza. Akatembea hadi ukingoni, akainama, akafumbua kichuguu kimoja kwa mkono, akanusa. Akauliza mama yuko wapi. Msibani, nikasema. Akasema hataingia na plau kwenye ntumba za mama mzee ambaye hayupo, wampe shamba jingine au wamfute jina. Mwenyekiti, ambaye bado anasimama kwa shida, alisema shamba ni hilihili. Adolfu akavaa kofia akasogea pembeni.

Basi nikaingia mimi. Nilirushwa huku na huku kama maharage kwenye ungo, lakini plau lilizama lote, maji na mawe yakashikilia, na nililima kutoka ukingo hadi ukingo bila kusimama. Nilipiga honi kila nilipogeuka. Udongo ulitoka chini safi, wa manjano, haujaguswa na mtu. Hakuna kichuguu hata kimoja kilichobaki. Kamati ikapiga makofi. Wanawake hawakupiga. Bertilla alimbeba mtoto mgongoni akarudi nyumbani kabla sijamaliza.

Nimeteuliwa. Dereva! Usiku huu sikupewa chakula, nimekula maneno yangu ya shukrani.

Alhamisi, 24 Novemba

Mama amerudi.

Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akaingia shambani na nguo zake za msiba. Akapiga magoti na kuchimba kwa mkono. Mkono ukaingia hadi kiwiko ndipo akautoa na udongo mweusi kidogo kwenye kucha. Akautazama, akaurudisha kwenye shimo na kulifunika.

Nikaanza kueleza habari za kina, nguvu, na kamati. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, "Umelima vizuri, mwanangu. Sasa wanao watakula nini?"

Nikahesabu miezi. Majani ya kufukia hufukiwa mwezi wa tatu, na mpaka ulezi upatikane ni mwaka mwingine mzima. Nimekwenda nyuma ya stoo nimelia hadi kwikwi. Nina aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: nina aibu.

Jumatatu, 28 Novemba

Mama na Bertilla wanachimba. Kwa jembe la mkono, wanautafuta udongo mweusi chini ili waurudishe juu, hatua kwa hatua. Mvua inawanyeshea. Leo Adolfu amekuja na mkewe na majembe mawili. Kwa desturi anayekuja kukulimia unampa pombe, lakini nyumbani hakuna ulezi wa kupikia pombe. Wakalima hivyohivyo mpaka jua kuzama. Mzee Kalisti naye alikuja.

Mimi sikuweza kwenda. Dereva ana majukumu, na trekta limekwama shamba la kijiji tangu Ijumaa. Nililinda.

Jumamosi, 17 Desemba

Ulezi umeota. Si wote. Umeota pale tu walipofika na majembe, robo ya shamba, labda pungufu. Kwingine ni manjano tupu na maji yamesimama. Bertilla anapika mara moja kwa siku. Mama anasema hana njaa, anasukuma sahani yake kwa watoto. Amekonda. Kiganja chake kimepasuka, jana nilimwona anakifunga kwa kitambaa, na nilishindwa kumwangalia usoni.

Sikulala, nikifikiri. Na alfajiri nikaona! Udongo mweusi haukupotea. Upo. Uko chini tu. Trekta letu dogo liliuzika kwa sababu ni dogo. Sasa Mwenyekiti amesema mkoani lipo trekta kubwa, plau lake linakwenda chini mara mbili ya letu, nao wanatafuta shamba la kufanyia maonyesho mwezi wa kwanza. Hilo likipita, cha chini kabisa kitakuja juu chote kwa asubuhi moja. Hesabu ni nyepesi, nashangaa Adolfu hakuiona.

Nimejaza fomu leo ofisini. Ilitakiwa alama ya dole gumba la mwenye shamba. Nimeweka langu. Mama yuko shambani na jembe, sikutaka kumsumbua.