Bibi Mmoja kwa Watahiniwa Tisa

Asubuhi ile Ticha Lafudhi alipita mbele ya kituo cha mtihani wa Kiingereza akiwa hana kazi, hana mpango, na soli ya kiatu cha kushoto imeanza kumuaga. Akaona foleni. Watu wazima wenye vyeti vyao na heshima zao walikuwa wamejipanga ukutani, wametoa macho kama watoto wanaongoja sindano. Wengine walisoma madaftari huku midomo ikitetemeka. Ticha akapunguza mwendo. Watu arobaini wenye hofu moja, na wote wamevaa viatu vizuri! Mtu mwenye moyo wa huruma angewaombea dua. Ticha aliwahesabu.

Ule ndio mtihani waajiri wa ng'ambo wanaoutaka. Uwe daktari, uwe fundi bomba, bila alama zake huendi popote. Ticha mwenyewe hakuwa na cheti cha Kiingereza wala cha kitu kingine chochote. Alikuwa na sentensi kama arobaini tu, nusu alizozinasa kwa watangazaji wa mpira na nusu kwenye matangazo ya ndege, enzi zile alipokuwa akipiga deki uwanja wa ndege. Lakini lafudhi alikuwa nayo! Alizungumza kwa pua, akizimeza herufi za mwisho kama mtu anayekula pipi, na wasiojua walikuwa wanamwinamia.

Ndani ya geti kulikuwa na kidirisha, na nyuma ya kidirisha mama mmoja wa makamo akipokea mizigo ya watahiniwa. Sheria ya pale ilikuwa kali: mtu haingii na kitu zaidi ya kitambulisho chake, na akishaingia hatoki mpaka amalize. Simu, saa, mkoba, vyote viliachwa kwa Mama Mizigo, naye alikupa kibati chenye namba.

Ticha akamsogelea.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, mwanangu. Nyumbani hawajambo? Watoto je? Wewe ni mtoto wa nani, mbona sura si ngeni?"

"Mama, nina haraka. Nitakuwa napita hapa na wageni wangu. Nikikupungia mkono, wewe nitikisie kichwa tu. Hivi."

"Nitikise kichwa, basi?"

"Basi."

"Na mimi napata nini?"

"Soda kila Ijumaa."

Mama akafikiri. "Kichwa ni changu mwenyewe," alisema. "Nitakitikisa."

Ticha akaondoka akipiga mluzi. Alikuwa hodari wa kujua bei ya mtu kwa kumtazama mara moja. Mambo ya salamu ndefu, nani ni nani na nani kazaliwa na nani, aliyaona ni kazi ya watu wasio na shughuli.

Wiki hiyohiyo akapanga chumba juu ya duka la rangi. Alilipa kodi ya miezi mitatu mbele, akanunua viti kumi na ubao mweupe, na hapo mtaji wake wote ukaisha. Mlangoni akabandika tangazo la herufi kubwa. Wanafunzi wakaja tisa, na kila mmoja alipelekwa kwanza kando ya uzio wa kituo. Ticha alipunga mkono. Kule kidirishani Mama Mizigo alitikisa kichwa taratibu, kwa uzito wa jaji anayekubali dhamana.

"Huyo ndiye mtu wako wa ndani?" aliuliza dereva wa lori, ambaye alitaka kwenda kuendesha malori ya huko yenye kiyoyozi.

"Mimi sijasema kitu," alijibu Ticha. "Na wewe hujaona kitu."

Dereva akalipa ada ya wiki papo hapo.

Bidhaa yenyewe ilikuwa jibu la mtihani wa kuzungumza. Siyo majibu, jibu. Ticha alidai kwamba maswali yanabadilika kila siku ili kuwababaisha washamba, lakini wasahihishaji wanatafuta hadithi moja tu, hadithi ya bibi. Aliitunga mwenyewe kwa robo saa, akamlipa karani mmoja amwandikie kwa Kiingereza safi. Bibi huyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye moyo mrefu. Alikuwa na kuku mmoja, na kwa kuku huyo alimfundisha mjukuu wake subira, usafi na uchumi. Kazi ya mtahiniwa ilikuwa kulivuta swali lolote mpaka limfikie bibi.

"Wakikuuliza msongamano wa magari?" Ticha alifoka darasani.

Dereva akasimama. "Magari ni mengi mjini. Bibi yangu hakuwa na gari. Bibi yangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye moyo mrefu…"

"Safi! Wakikuuliza kompyuta?"

"Kompyuta ni kitu cha kisasa," alianza mpishi wa hoteli. "Bibi yangu si wa kisasa. Alikuwa mwanamke mfupi…"

"Safi sana!"

Nyuma kabisa muuguzi mmoja akanyoosha mkono. "Ticha, na wakituuliza habari za bibi?"

Ticha alikohoa. "Hapo," alisema, "mtakuwa mmebahatika."

Huyu muuguzi, tusimcheke. Alikuwa anaufanya mtihani kwa mara ya tatu. Mara mbili aliangushwa na kuzungumza, kwa nusu alama, na mara zote mbili alitoka amefunika uso kwa mtandio. Hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa imemshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Ameuza friji, ameuza cherehani ya marehemu mama yake, na alipoiuza alilia wiki nzima. Ticha alijua habari zote hizo, maana alihadithiwa, na alichouliza ni kama friji ilikuwa ya milango miwili.

Malipo makubwa yalikuwa ya siku ya mtihani. Kwa mujibu wa kile Ticha alichokiita taratibu za kimataifa, kila mtu alitakiwa kuleta fedha ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, juu yake jina kamili na namba ya mtahiniwa, ili mtu wa ndani asije akachanganya. Muuguzi akasema sawa, ila na wao wangependa kopi ya kitambulisho cha Ticha, kwa utaratibu huohuo. Ticha aliona aibu kukataa taratibu alizozitunga mwenyewe, akawapa.

Siku ikafika. Saa mbili asubuhi getini, Ticha alipokea bahasha tisa, akazitia kwenye mfuko wake wa bega, pamoja na ufunguo wa chumba na tiketi ya basi la saa nne.

"Ingieni, wanangu. Mungu awatangulie."

"Na wewe, Ticha," alisema dereva.

"Na mimi vipi?"

Dereva akatoa karatasi iliyopigwa muhuri. "Tumekuchangia. Tumekuandikisha kwa ile kopi yako. Tukasema haiwezekani sisi tuingie, mwalimu wetu abaki juani kama yatima. Utatuongoza njia."

"Jamani, mimi mtihani huu… nitawaharibia, nitapata alama zote, watashtuka!"

"Kosa moja mawili unaweza kuyaweka makusudi," alisema mpishi kwa upole.

Wakamzunguka, wanane mbele na dereva nyuma, na mgongo wa dereva ulikuwa mpana. Mlinzi alishaanza kutazama. Kukataa kungehitaji maelezo, na maelezo ndiyo kitu pekee ambacho Ticha hakuwa nacho asubuhi ile. Akajipa moyo: mabasi yapo mengi, na mfuko utakuwa kwa mtu wake.

"Mama," alinong'ona kidirishani, "huu mfuko uutunze sana."

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," alisema Mama Mizigo, akampa kibati namba kumi na saba. "Nitautunza kama wangu."

Sehemu ya kusikiliza, Ticha alisikiliza. Ya kusoma, alitazama. Ya kuandika, aliandika jina lake vizuri. Kisha wakaanza kuitwa mmoja mmoja kuzungumza, na kila aliyemaliza alitoka nje moja kwa moja. Ticha aliitwa wa mwisho kabisa, saa nane kasoro, tumbo likiwa limeanza kuzungumza kabla yake.

Msahihishaji alikuwa mama mwenye miwani, amechoka sana. Alimuuliza anaishi wapi. Ticha, kwa lafudhi yake ileile, akamtaka afunge mkanda na kurudisha kiti chake wima. Alimuuliza anapenda nini. Ticha akatangaza kwamba mpira umetoka nje na ni wa kurusha. Mama akavua miwani, akamuuliza kwa sauti ya chini kama anajisikia vizuri. Kijasho chembamba kikamtoka Ticha, na katika kutapatapa akashika kile alichokiamini kuliko vyote.

"Bibi yangu," alisema, "alikuwa mwanamke…"

"Mfupi," alimalizia msahihishaji, "mwenye moyo mrefu. Na kuku anaendeleaje?"

Alikuwa ameshamsikia bibi huyo mara nane tangu saa sita.

Ticha alitoka mbio mpaka kidirishani, akatupa kibati mezani. Mfuko ulikuwa mwepesi. Akaukung'uta. Ikadondoka tiketi ya basi.

"Mama! Bahasha zangu ziko wapi?"

"Zako? Zilikuwa na majina ya watu," alisema Mama Mizigo. "Kila aliyetoka nilimlinganisha na kitambulisho, nikampa yake. Zimeandikwa vizuri sana, sikubabaika hata kidogo."

"Nitakwenda polisi!"

"Nifunge dirisha twende wote? Ukaeleze zilikuwa za nini."

Ticha akageukia geti. Hapo ndipo alipomwona muuguzi amesimama kando ya kidirisha, macho mekundu lakini anacheka.

"Mama mdogo, nimezungumza!" alikuwa anasema. "Nimemsimulia usiku mzima wa wodi yangu, yule mtoto aliyezaliwa umeme umekatika. Sikumtaja bibi wa mtu. Akawa ananiuliza, namjibu, ananiuliza, namjibu, mpaka muda umeisha tunacheka wote wawili!"

"Si nilikuambia?" alisema Mama Mizigo. "Mtoto wa dada yangu hasemi maneno ya kuokota."

Ticha aliukung'uta mfuko tena. "Na ufunguo wangu?"

"Ninao mimi," alisema muuguzi. "Kodi si imelipwa miezi miwili zaidi? Viti vipo, ubao upo. Wenzangu hawa wanane watafeli tu kwa ajili ya kuku wako, itabidi warudie. Tumempata mwalimu mstaafu, anaanza kesho."

Dereva alikuwa ameshasogea na mgongo wake mpana, na wengine nyuma yake. Hakuna aliyemnyooshea Ticha mkono. Walimtazama tu, kwa yale macho ambayo yeye alizoea kuwatazama watu wa kwenye foleni.

"Kiti kimoja kimebaki," alisema muuguzi. "Cha nyuma, karibu na mlango. Unakihitaji kuliko sisi wote, Ticha. Saa mbili kamili, na ada ni kama ya wengine."

Ticha aliitazama tiketi ya basi lililoondoka saa nne, akavitazama viatu vyake. Alikuwa amewajibu watu maswali wiki zote hizo bila kujua hata moja. Sasa akajikuta anauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila pua:

"Daftari nije nalo la kurasa ngapi?"