Chumba Kule Hora

Ijumaa, 1 Agosti

Iandikwe na vizazi vijavyo visome: leo, saa nne na robo asubuhi, katika soko la Nikea, hapa Pireo, mimi Thrasivulos Karelas, fundi wa lifti, nimenunua kofia ya majani.

Kofia ni sehemu ya mpango. Mpango ni siri. Tarehe 15, sikukuu ya Bikira, ndiyo siku ya jina la mke wangu Despina, ambayo kwetu huzidi siku ya kuzaliwa. Miaka ishirini na tatu nimemwahidi kumpeleka Serifos, kisiwa cha marehemu mama yake, ambako hajakanyaga tangu akiwa na miaka tisa. Miaka ishirini na tatu tumesherehekea kwenye roshani yetu, tikiti maji katikati, naye akisema si neno, mwakani. Mwaka huu hajasema mwakani. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumapili, 3 Agosti

Mwanyumba wangu Aristos, aliyemwoa dada wa Despina, amekuja kunywa kahawa. Ati wao bado hawajaamua kisiwa. Visiwa vingi, anasema, kama mtu anayechagua soksi. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanyumba, tikiti la mwaka huu umeshaliagiza?"

Wote wakacheka. Despina alicheka kidogo tu. Mimi nikanyanyua nyusi tu. Acheke! Siku zake zinahesabika.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Vyumba vyote Serifos vimejaa. Nimepiga simu sehemu sita. Wa sita alinipa pole kama nimefiwa.

Jioni. Ushindi! Mkahawani, mzee Iordanis, anayenifunga kwenye tavli, mchezo wetu wa dadu, kila siku ya Mungu, alininong'oneza kwamba kuna Bi Kaliroi, mjane, mwenye chumba kule Hora ambacho hakijatangazwa popote. Akanipa namba. Nikampigia, nikamuuliza kama ana chumba Hora tarehe kumi na nne. Anacho. Kinatazamana na kanisa, mlango wa buluu. Ndiyo hiyo hiyo! Mama mkwe hakuwa na neno jingine mdomoni: Hora hivi, Hora vile, mji juu ya mlima, nyumba nyeupe.

Tiketi za meli na ile namba nimezificha nyuma ya picha takatifu ya Bikira, ukutani sebuleni. Pale hatii mkono mwizi wala mke.

Jumamosi, 9 Agosti

Despina anafunga mpaka sikukuu: hakuna nyama, hakuna jibini. Rasmi, nami nafunga. Leo, kona ya barabara, nikiwa na mshikaki mkononi, nikamwona huyo anakuja. Nikauficha chini ya kofia. Akauliza kofia ya nini. Nikasema jua kali. Tulikuwa kivulini. Mafuta yakaanza kunishuka shingoni.

Alisema tu kwamba anarudi nyumbani kuzifuta vumbi picha takatifu kwa ajili ya sikukuu.

Nilikimbia kwa njia ya nyuma. Nilichelewa. Picha inang'aa. Lakini tiketi zipo palepale, na namba ipo. Hakuona kitu! Bikira yuko upande wangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemkuta Despina kwenye simu, anacheka chinichini. Nikauliza nani. Dada yake. Nikauliza kuna nini. Ati nyanya za mwaka huu ni tamu.

Redio inasema upepo umefika daraja la saba. Ukifika la nane, meli hazitoki. Nimewasha mishumaa miwili kanisani: mmoja wa upepo, mmoja wa mshikaki.

Alhamisi, 14 Agosti. Ndani ya meli

Upepo umetulia! Nilimwamsha alfajiri, nikatangaza: Serifos! Nilitegemea machozi. Akasema sawa, akavuta kutoka chini ya kitanda begi lililokwisha kufungwa. Wanawake wana hisia za ajabu.

Kofia imeruka baharini. Haidhuru. Aristos angeniona sasa!

Jumamosi, 16 Agosti

Sasa niseme ukweli wa yaliyotokea.

Tulipanda mpaka Hora na begi. Nikalipata kanisa, nikaupata mlango wa buluu, nikagonga. Akatoka mzee mwenye povu la kunyolea ndevu. Hamjui Kaliroi yeyote. Nikapiga simu. Bi Kaliroi akashangaa: Bwana Karelas amekwisha fika na mkewe, wako roshani wanakula tikiti maji. Nikamwambia Karelas ni mimi, nimesimama mlangoni pake. Akasema mlangoni pake yupo yeye na paka.

"Uko Hora ya wapi, mwanangu?"

"Ya Serifos, bibi."

"Mimi niko Folegandros."

Kila kisiwa huku huuita mji wake Hora, na kila mwenye kisiwa hudhani Hora ni yake peke yake. Hili nililijua tangu darasa la pili.

Nikageuka. Despina alikuwa amekaa juu ya begi. Akaniambia taratibu kwamba alipofuta ile picha alikuta tiketi, akaipiga ile namba ili aulize kama chumba kina feni, akaambiwa Folegandros. Chumba akawapa dada yake na Aristos. Kisha akamtafuta Marulio, binamu ya mama yake, aliyekuwa akitungojea uchochoro wa tatu.

Nikamuuliza kwa nini aliniacha nihangaike hivi.

"Miaka ishirini na tatu, Thrasi. Hii ndiyo mara ya kwanza umepanga kweli. Ningeanzaje kukuharibia?"

Marulio alimtambua mke wangu kwa mwendo kabla hajauona uso. Siku ya jina lake, Despina alisimama kwenye dirisha la mama yake, akalia kidogo, kisha akala mbuzi sahani mbili. Aristos alituma picha kutoka roshani yangu: ati tikiti la huku, mwanyumba, ni sukari tupu.

Sasa tunarudi. Despina amelala begani mwangu. Bwana mmoja kwenye benchi la mbele ameniambia, kwa siri, kwamba ana nyumba itakayokuwa wazi Agosti ijayo. Iko Kastro, ndani ya ngome kabisa. Namba nimeiandika kiganjani, upande asiouona.

Sikumuuliza Kastro ya wapi. Kastro ni Kastro.