Kufuli za Bi Subiri

Jumatatu, 3 Machi
Ofisi nzima imenuna. Wachoraji wa majengo wana kompyuta za aina moja, wahasibu za aina nyingine, na sava, ile kompyuta kuu inayotunza mafaili ya wote, ina mfumo wake wa tatu, haisikii la mtu. Faili moja kufunguka ni mpaka chai ipoe. Mkurugenzi katangaza kuwa atakayeharakisha mtandao kabla ya zabuni ya Ijumaa ndiye mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kitengo chenyewe ni watu wawili: mimi na Bi Subiri. Yeye kila kitu subiri, nipime kwanza. Huyo ndiye wa kushindana na mimi?

Jumanne, 4 Machi
Nimempata mchawi! Kufuli! Mtu akifungua faili, sava inaifunga ili mwingine asiandike humo. Bi Subiri kadai kufuli zina kazi yake, hasa kompyuta zikiwa mchanganyiko. Maneno ya waoga. Alipokwenda kula, nikazizima zote.

Jumatano, 5 Machi
Mambo moto! Kila faili inafunguka papo hapo, kwa wote. Mhasibu mkuu, ambaye huwa hata hanisalimii, leo kaniita kaka. Bi Subiri kaniuliza nimefanya nini. Nikamjibu kipaji hakielezeki. Wivu unamla.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Mhasibu kashinda anajaza bei za zabuni. Kumbe mchoraji mmoja alikuwa na faili hiyohiyo wazi tangu asubuhi. Kabadili rangi ya jalada, kahifadhi wa mwisho, na kazi yake ikafunika ya mwenzake. Bei zote, kwaheri! Mhasibu kalia. Mkurugenzi kaniuliza mbele ya watu kama nina akili timamu. Nilitamani ardhi inimeze. Bi Subiri akarudisha kufuli, kisha akazitoa bei kwenye nakala za akiba ambazo sava hujitunzia kila saa. Wakampigia makofi! Bahati tu ile!

Ijumaa, 7 Machi
Zabuni imekwenda. Bi Subiri kawa mkuu. Nimempongeza shingo upande. Mkurugenzi kaniambia nikiharibu tena nifungashe virago, halafu huyohuyo analalamika mtandao bado mzito. Vipofu hawa! Kila saa sava inahangaika kunakili mafaili yaleyale, utadhani haina kazi nyingine. Bi Subiri alikuwa kikaoni. Nimezima kunakili na kufuta nakala zote za akiba. Mtandao unaruka! Jumatatu watanitafuta wenyewe.