Ratiba ya Mkaguzi

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu ameanza kazi kiwandani leo. Makubaliano: nikimlea Mkaguzi hadi Ijumaa bila hasara, chumba cha nyuma kinabaki karakana yangu ya kutengeneza saa. Nikishindwa, mama mkwe anahamia humo na kitanda chake. Nilimwambia mke wangu aende kwa amani. Fundi saa hashindwi na dakika. Alinitazama kama mtu anayemuaga mgonjwa.

Mkaguzi ni binti yetu, miaka miwili na miezi mitatu. Jina kajipatia mwenyewe: hakuna droo asiyoikagua.

Nimechora ratiba kwa rula. Saa 2:00, vitalu. 2:20, picha. 2:40, wimbo. 3:00, usingizi.

Matokeo. Vitalu: dakika moja na nusu. Picha: amekula mbili. Wimbo: aliniziba mdomo kwa kiganja. Usingizi: nililala mimi. Kuamka, unga wote uko sakafuni, naye yumo katikati, amevaa viatu vyangu!

Nikafagia. Akachukua kifagio kidogo, akafagia nami dakika arobaini bila neno. Nimeandika: muda uliopotea.

Jumanne, 5 Machi
Ratiba mpya: matembezi. Dukani ni hatua mia mbili, yaani dakika nne. Tumetumia saa moja na dakika kumi. Amekagua mfereji, mawe kumi na manne na kisigino cha fundi baiskeli. Kurudi alitaka kubeba kitunguu, kimoja, kwa mikono miwili, hatua kwa hatua. Utulivu mtupu, lakini tumechelewa! Nikampokonya kitunguu, nikambeba yeye.

Mayowe! Mtaa mzima ukatoka. Muuza mkaa akauliza mtoto huyu ni wa nani. Nikasema wangu. Akasema mbona mwenyewe anakukana. Jirani yetu, fundi cherehani, akapaza sauti dirishani: “Shemeji, leo umekalia kuti kavu!” Nikamjibu kwamba yote haya ni mpango. Akaomba kuuona huo mpango. Nikaingia ndani.

Jumatano, 6 Machi
Nimemchongea saa ya mbao, mishale ya rangi, namba kubwa. Kazi safi. Akaitazama, akaitia kwenye ndoo, akaja kusimama kando ya meza yangu. Anataka ile niliyoishika mimi! Nimemfukuza mara tatu. Ya nne nikampa kitambaa akae nacho sebuleni.

Kimya. Dakika ishirini za kimya! Nimeandika: ushindi.

Nilipotoka nilimkuta anaosha saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, niliyoletewa kutengeneza, ndani ya ndoo. Kwa sabuni. Anaifuta taratibu, kichwa upande, ulimi nje, kama ninavyofanya mimi. Mwalimu anaifuata Ijumaa.

Sikupaniki. Nimeifukia kwenye ndoo ya mchele, mchele unyonye maji. Mke wangu hana haja ya kujua.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu kaenda kupima mchele wa chakula, kaibuka na mshale wa dakika. Akaniuliza kwa upole wali huu unaiva saa ngapi. Ule upole ndio ulionitia hofu.

Akampigia simu mama yake.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe kafika asubuhi na godoro kichwani. Vifaa vyangu vyote sasa viko chini ya meza ya jikoni. Mwalimu mkuu kaja, kaitikisa saa yake, zikadondoka punje tatu. Kaondoka bila kuaga.

Mama mkwe kaketi kibarazani na beseni, kampa Mkaguzi soksi mbili afue. Saa nzima! Hakuna kilio, hakuna mayowe. Fundi cherehani kavuta kiti aangalie. Mama mkwe akanigeukia akasema, “Mwanangu, mtoto hataki kuchezeshwa. Mwache afanye unachofanya.”

Nimelitafakari neno hilo kutwa. Kweli mtu mzima ni dawa! Kumbe nilimpa michezo mtu anayetaka kazi.

Nimechora ratiba mpya. Kuripoti kazini saa 2:00 kamili. Soksi, 2:00 hadi 2:20. Kufagia, 2:20 hadi 2:40. Mapumziko, dakika tano. Kuna safu ya sahihi ya mfanyakazi, na ya msimamizi, mama mkwe. Kwa utaratibu huu atakuwa amerudi kwake kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimeibandika mlangoni pa chumba cha nyuma. Chini nimepigia mstari mara mbili: kuchelewa hakutavumiliwa.