Herufi za Samasoti

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Semina ya walimu wa michezo, hapa Mbinga mjini. Mkufunzi ni Madam Stella kutoka Songea, ambaye pia atakuwa jaji mkuu Jumamosi ya wiki ijayo, wasichana wa shule za msingi watakaposhindana sarakasi kule Mbamba Bay. Wawili wa kwanza wanaingia timu ya mkoa. Alikuwa anaeleza jinsi ugumu wa kila mruko unavyopimwa. Nilitoka kidogo kunywa chai. Chai ikaja na maandazi, maandazi yakaja na mazungumzo.

Niliporudi alikuwa amemaliza. Haikuniathiri. Ubaoni kila kitu kilikuwa wazi. A: kubingirika mbele, gurudumu la kupinduka ubavu kwa mikono. B: kuruka kinyumenyume kwa mikono. C: samasoti ya nyuma, kupinduka hewani miguu imenyooka. D: samasoti yenye kujizungusha.

Nimefundisha hesabu tangu nimalize chuo. A ni A. Sihitaji semina kujua hilo.

Mwalimu Lusekelo, mtu wa Tukuyu anayefundisha kule ufukweni mwa ziwa, alikuwa anaandika kuhusu D kwa bidii sana. Nilimwonea huruma. Sikumwambia kitu. Mashindano ni mashindano.

Jumatano, 3 Septemba

Mazoezi. Tegemeo langu ni Kunigunda wa darasa la sita, anayeishi na bibi yake. Mtoto mwepesi kama kitambaa. Anataka timu ya mkoa kuliko kitu chochote. Hajawahi kuvuka Kitai, njia ya kwenda Songea. Samasoti yake ya nyuma ni safi kabisa. Nimeifuta. Ni C. Siwezi kupeleka C Mbamba Bay.

Nimempangia kubingirika mbele, gurudumu, kubingirika tena, gurudumu tena. A tupu.

Kunigunda aliuliza kwa adabu kwa nini kitu kigumu kipewe C na kitu cha darasa la kwanza kipewe A. Nikamjibu kwamba wataalamu wa dunia wana sababu zao, na kubingirika kunahitaji unyenyekevu. Akabingirika. Sikuona unyenyekevu, niliona amenuna.

Jioni nimempigia Lusekelo, nikamwambia mwanafunzi wangu ana A peke yake. Kisha akakohoa kwa muda mrefu. Akasema hongera sana, Mwalimu Kapinga, usibadilishe chochote. Muungwana.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku mbaya.

Mwalimu Mkuu, mzee Hilari, alikuja kutazama mazoezi. Kunigunda akabingirika. Mwalimu Mkuu akauliza kama hayo ni maandalizi ya kupasha mwili. Nikasema hapana, hayo ndiyo yenyewe, nikamweleza habari ya A. Hakubisha. Aliniita ofisi ya walimu, akampigia Madam Stella, akaweka simu sauti ya juu. Walimu wote walikuwa wanakunywa uji.

Madam Stella alisema A ni herufi ya chini. Thamani yake ni sehemu moja ya kumi ya alama. B ni mbili, C ni tatu, D ni nne. Kadiri herufi inavyosogea mbele, ndivyo ugumu unavyopanda. Akauliza kwa upole ni nani aliyekuwa anafikiri vinginevyo.

Mwalimu Mkuu akanitazama. Nikasema kuna mzazi mmoja alikuwa anauliza.

Mwalimu Matilda alilazimika kutoka nje na uji wake.

Jumatatu, 8 Septemba

Anayeanguka huamka na mawazo. Kama herufi zinapanda, kwa nini tukomee C?

Nimempigia Madam Stella mwenyewe. Nimeuliza herufi zinaishia wapi. Alisema zinaendelea mbele, lakini huko juu ni watu wachache duniani wanaofika. Ndipo akaongeza jambo ambalo bila shaka alijuta: mtu akileta mruko usiomo kwenye kitabu cha majaji, majaji wakubwa huutazama, huupa herufi yake, na ukifanywa vizuri kwenye mashindano makubwa unaweza kuitwa kwa jina la aliyeufanya. Hapo nilikata simu kwa shukrani.

Mruko unaitwa Kapinga. Unaanza kwa mbio, gurudumu, samasoti ya nyuma yenye kujizungusha mara mbili, unatua umekaa, miguu imepanuka. Nimekadiria H.

Kunigunda aliusikiliza wote. Aliuliza nani amewahi kuufanya. Swali la haki. Tulipanga magunia ya maganda ya kahawa nyuma ya darasa la tano, nikavua viatu.

Mbio zilikwenda vizuri. Gurudumu, nusu. Baada ya hapo nakumbuka anga, kisha gunia, kisha shingo.

Nilipofumbua macho, Bibi Marselina, bibi yake Kunigunda, alikuwa amesimama juu yangu na jembe begani. Alikuwa anatoka shambani. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado chini. Aliitikia, akaweka jembe, akanikanda shingo bila huruma. Kisha akasema, "Mwalimu, mama yake huyu alifariki akiwa bado ananyonya. Sina mwingine. Hicho ulichokifanya sasa hivi, ndicho unataka akifanye yeye?"

Niliahidi hatakifanya. Kunigunda alikuwa ameshika viatu vyangu. Nimejisikia vibaya, na si shingoni tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Shingo inageuka upande mmoja. Bahati nzuri ni upande wa ubao.

Ahadi nimeitunza. Mruko wa Kapinga umestaafu. Lakini nikiwa nasahihisha hesabu za kuzidisha, jibu lilikuja lenyewe. Majaji wanahesabu miruko minane iliyo bora. Kunigunda ana samasoti ya C. C ni sehemu tatu. Samasoti nane ni sehemu ishirini na nne! Hakuna hatari mpya, hakuna kujizungusha, bibi hana la kusema.

Alijaribu. Baada ya ya nne alikaa chini akashika kichwa. Akasema yeye angependa kufanya samasoti moja, halafu gurudumu, kuruka kinyumenyume, kusimama kwa mikono, na mengine aliyoyazoea. Nikamwambia huo ni mchanganyiko wa kachumbari. Tunazidisha, hatuchanganyi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mbamba Bay. Kona za kushuka ziwani nimezipita zote nikitazama kushoto.

Uwanja wa shule, magodoro yamepangwa, ziwa limetulia nyuma ya majaji. Mwanafunzi wa Lusekelo, Tereza, alitangulia. Hakuna kitu cha kutisha alichofanya, lakini kila alipotua alisimama kama msumari. Tisa na sehemu tatu. Lusekelo aliniuliza habari za zile A zangu. Nikamwambia asubiri.

Kunigunda akaingia. Samasoti ya kwanza: nzuri ajabu. Nikasubiri ya pili. Akapiga gurudumu. Kisha akaruka kinyumenyume. Kisha akasimama kwa mikono, vidole vya miguu vimeelekea juu, kimya kabisa.

Nikapiga kelele, "Bado saba! Kunigunda, bado saba!"

Bendera ikapanda mezani kwa majaji. Mwalimu haruhusiwi kusema na mchezaji akiwa uwanjani. Nusu alama imekatwa. Kunigunda alimaliza bila kunitazama. Tisa kamili. Wa pili. Kinywa changu kingekuwa kimefungwa, angekuwa wa kwanza.

Madam Stella alinieleza pembeni, taratibu kama mtu anayemlisha mgonjwa: mruko uleule ukirudiwa, unahesabiwa mara moja tu. Zile saba zingekuwa sifuri. Nikamgeukia Kunigunda, nikamuuliza alijuaje.

"Nilimuuliza Madam asubuhi," alisema. "Wewe ulikuwa unakunywa chai."

Wa pili naye yumo timu ya mkoa, anakwenda kushindana Songea. Kunigunda alicheka njia nzima ya kurudi, siti ya mbele ya basi, na Mwalimu Matilda. Mimi nilikaa nyuma na dagaa wa usipa alioninunulia Lusekelo. Alisema ni pole ya shingo.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa nilikwenda kwa Bibi Marselina, nikaomba radhi. Alinipa ndizi na akasema nisirudie. Nimeona wazi nilipokosea. Nilishughulika na ugumu peke yake. Tamaa.

Maana Madam Stella alisema pia kwamba alama ni mafungu mawili. Fungu la ugumu unalijenga kuanzia chini. Fungu la usafi unapewa kumi kamili kabla hujaanza, halafu kila kosa linakatwa: goti limekunjwa, mguu umesogea, mwili umeyumba. Kunigunda alikatwa karibu alama mbili huko. Zilikatwa na nini? Na kuruka.

Sasa mtu asiyeruka, atakatwa nini?

Songea Kunigunda ataingia, atawasalimu majaji, atasimama wima miguu pamoja mpaka muda uishe. Hakuna goti, hakuna kuyumba. Kumi kamili. Tereza hajafika hata tisa na nusu.

Nashangaa katika mkoa mzima hakuna aliyeliona hili. Madam Stella sitampigia. Ana maswali mengi.